Santuri ni Shahidi

Katika kazi zote za mikono na akili za binadamu, hapana ipitayo upesi kama muziki. Seremala akichonga mlango, mlango hubaki. Milango ya Lamu iliyochongwa na mafundi ambao majina yao yamesahauliwa ingali ikifunguliwa na kufungwa kila siku. Mwandishi akiandika, karatasi hubaki. Lakini mwimbaji akifumba kinywa, wimbo umekwisha. Ni kweli kwamba watunzi wa Ulaya walijua kuandika nota. Lakini nota si sauti, kama vile orodha ya viungo si pilau. Twajua alichokiandika Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyekufa mwaka 1750, lakini hapana aliye hai awezaye kusema kwamba amemsikia Bach mwenyewe akipiga kinanda.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1877, Thomas Edison wa Marekani alipotengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudisha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner alivumbua mashine iliyotumia sahani bapa, nayo ndiyo mama wa santuri zote. Tangu hapo sauti ikapata makao. Hata leo muziki wa klasiki, yaani muziki wa watunzi wa Ulaya kama Bach, Beethoven na wenzao, huletwa kwetu kwa njia mbili. Kwanza, wapigaji walio hai hunasa kazi hizo upya. Pili, mafundi huzitoa ghalani rekodi za zamani, wakazisafisha na kuzitoa tena. Hapo huingia mtu wa tatu, mhakiki, ambaye kazi yake ni kusikiliza hizi na zile, kisha kutuambia ipi ina thamani na kwa sababu gani.

Pengine utauliza, kazi hii yahusu nini somo la historia? Yahusu sana. Rekodi ni ushahidi wa jambo lililotendeka mahali fulani, siku fulani, na mtu fulani. Ushahidi haupokelewi kwa kuwa ni wa zamani, wala haukataliwi kwa kuwa una vumbi. Hupimwa. Nami nilifundishwa hayo, si na kitabu, bali na mwanafunzi wangu.

Miaka michache iliyopita nilileta darasani rekodi mbili za muziki mmoja. Ulikuwa ni utangulizi wa Mfululizo wa Kwanza wa Bach kwa ajili ya chelo. Chelo ni ndugu mkubwa wa fidla, mwenye sauti nzito, ambaye mpigaji humweka katikati ya magoti yake akikaa kitini. Rekodi moja ilikuwa mpya, safi kama maji ya mtungi. Ya pili ilikuwa ya mwaka 1938, nayo ilijaa mkwaruzo. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, hii ni mvua au ni karanga zinazokaangwa?" Darasa zima likacheka. Nilipowataka wachague iliyo bora, wote isipokuwa wanne walichagua ile mpya. Ndipo nikawaambia, kwa kiburi kidogo, kwamba ile waliyoicheka ilipigwa na Pablo Casals, na kwamba wajuzi wengi huihesabu miongoni mwa rekodi kubwa za karne ya 20.

Msichana aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "kama usingalijua jina lake, ungaliisifu hivyo?"

Nikamwambia kwamba swali lake ni zuri na kwamba tutaliangalia kesho. Kila mwalimu aijua maana ya jibu la namna hiyo. Kwa kweli sikuwa na jibu. Jina la Casals nililikuta katika vitabu nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, na sifa zake zilinifikia kabla ya sauti yake. Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa msichana yule. Nimeligawa katika maswali manne ambayo mhakiki mwema huiuliza kila rekodi, iwe mpya au ya kale.

Swali la kwanza ni hili: sauti ilinaswaje?

Mwezi wa Aprili mwaka 1902, katika chumba cha hoteli moja mjini Milan, Italia, mwimbaji wa miaka 29 aitwaye Enrico Caruso alisimama mbele ya pembe ya bati. Fundi Mmarekani, Fred Gaisberg, alikuwa amekubali kumlipa paundi 100 kwa nyimbo 10. Hapakuwa na umeme katika kazi ile. Sauti iliingia katika pembe, ikatikisa ngozi nyembamba iliyokuwa mwishoni, na mtikiso ule ukaisukuma sindano iliyochora mfuo juu ya nta. Basi chochote kilichonaswa kilinaswa kwa nguvu ya pumzi na mapafu tu.

Fikiri matokeo yake. Sauti ya mwanamume mwenye kifua kama Caruso ilinasika vizuri, na santuri zile zilimpatia jina hata mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Lakini fidla zilisikika kwa shida, hata mafundi wakabuni fidla za namna ya pekee zilizofungwa pembe. Fidla kubwa kabisa, ambazo ndizo nguzo za okestra, mara nyingi ziliachwa, na mahali pake pakawekwa matarumbeta makubwa ya sauti nzito. Mwimbaji alipofikia sauti ya juu ilimbidi arudi nyuma hatua moja, asije akairusha sindano nje ya mfuo. Tena upande mmoja wa santuri ulikuwa na nafasi ya dakika chache tu, hivyo nyimbo ndefu zilikatwa, au ziliimbwa kwa haraka ili zitoshe. Hali hii iliendelea mpaka mwaka 1925, maikrofoni ya umeme ilipoanza kutumiwa.

Kuna mtego mwingine tena. Watu wengi hudhani kwamba santuri zote za kale zilizunguka mara 78 kwa dakika. Kipimo hicho kilithibitika baadaye. Zile za mwanzo zilizungushwa kwa mwendo mbalimbali, nyingine kama 70, nyingine zaidi ya 80. Santuri iliyonaswa kwa mizunguko 72, ikichezwa kwa 78, muziki wake huenda mbio kuliko ulivyopigwa, na sauti ya mwimbaji hupanda zaidi ya nusu toni. Mhakiki asiyejua jambo hilo aweza kuandika kwamba mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba, au kwamba watu wa zamani walipenda haraka. Atakuwa amemhukumu mwimbaji kwa kosa la mashine.

Swali la pili: rekodi hii ilifanywa lini, na katika hali gani?

Hapa turudi kwa Casals. Alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, katika jimbo la Catalonia, Hispania. Alipokuwa na miaka 13, yeye na baba yake waliingia katika duka moja la nota mjini Barcelona, na huko akaikuta nakala ya Mifululizo Sita ya Bach kwa chelo moja, bila okestra wala kinanda. Bach aliitunga karibu na mwaka 1720. Kila mfululizo huanza kwa utangulizi, kisha hufuata ngoma tano za kale za Ulaya. Wapigaji wengi wa wakati ule waliiona kama mazoezi ya vidole tu. Casals aliifanyia kazi kwa muda wa miaka kumi na zaidi kabla hajathubutu kuipiga mbele ya watu, na hakuinasa yote mpaka alipokuwa mtu wa makamo.

Tarehe 18 Julai 1936 alikuwa akiongoza mazoezi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven mjini Barcelona. Habari zikafika kwamba wanajeshi wameasi na kwamba tamasha halitakuwapo. Casals na wenzake wakaimba na kuipiga sehemu ya mwisho mpaka ikaisha, kisha wakaagana. Hivyo ndivyo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Hispania vilivyomkuta. Mnamo Novemba mwaka ule ule alikuwa London, akinasa Mfululizo wa Pili na wa Tatu. Mwezi wa Juni 1938 alinasa wa Kwanza na wa Sita mjini Paris. Mwezi wa Juni 1939 alinasa huko huko wa Nne na wa Tano. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha, Jenerali Franco ameshinda, na Casals hana tena kwa kurudi. Aliishi kama mkimbizi katika mji wa Prades, kusini mwa Ufaransa. Baada ya mwaka 1945, alipoona kwamba mataifa makubwa hayataki kumwondoa Franco, alikataa kupiga chelo hadharani katika nchi zilizoitambua serikali ile. Aliivunja ahadi hiyo kwa nadra, kama mwaka 1961 alipopiga mbele ya Rais Kennedy wa Marekani. Alikufa Puerto Rico mwaka 1973, akiwa na miaka 96, bila kuiona Hispania isiyo na Franco. Mifupa yake ilirudishwa El Vendrell mwaka 1979.

Ukiyajua hayo, msomaji, huwezi kuisikiliza rekodi ile kama ulivyoisikiliza mwanzo. Lakini jihadhari! Hapa ndipo wahakiki wengi wanapojikwaa. Ni rahisi sana kusema kwamba katika chelo ile twasikia mizinga ya Barcelona na kilio cha mkimbizi. Sauti haisemi hayo. Ni sisi tunaoyasema baada ya kuisoma historia yake. Mhakiki mwaminifu hutenga kile alichokisikia na kile alichokisoma.

Basi ni nini kisikikacho kweli? Katika utangulizi ule wa Mfululizo wa Kwanza nota zimeandikwa karibu zote kwa urefu mmoja, kama shanga katika uzi. Casals hazipigi kwa urefu mmoja. Nyingine huzitegemea kidogo, nyingine huzipitisha kama mtu aongeaye, na msikilizaji hutambua sentensi, na mahali pa kuvuta pumzi. Mara nyingine vidole vyake husikika vikiugonga ubao wa chelo. Mara nyingine huteleza kutoka nota moja mpaka nyingine, kama walivyopenda watu wa ujana wake. Hayo yote hata asiyejua jina la mpigaji aweza kuyasikia, akayaonyesha kwa kidole.

Tena kuna jambo la usafishaji. Santuri zile zile za Casals zimehamishwa mara nyingi, kutoka sahani za kale hadi sahani za muda mrefu zilizoanza mwaka 1948, kisha hadi sahani za kidijitali zilizoanza kuuzwa mwaka 1982. Kila fundi alisafisha kwa kadiri alivyoona inafaa. Lakini mkwaruzo na mlio wa juu wa chelo hukaa pamoja katika mfuo mmoja. Atakayeiosha kanga ya kale kwa nguvu huondoa uchafu pamoja na rangi. Na fundi atakayeondoa kila mkwaruzo hutuachia chelo iliyofunikwa blanketi. Kwa hiyo mhakiki wa rekodi za kale hahukumu mpigaji tu. Humhukumu na fundi.

Je, rekodi mpya zina nini ambacho Casals hakuwa nacho? Zina elimu. Baada ya wakati wake, wataalamu walichunguza vyombo na vitabu vya karne ya 18, na wapigaji wakaanza kurudia chelo za namna ya zamani, zenye nyuzi za utumbo wa mnyama na zisizosimamishwa juu ya mguu wa chuma. Mwaka 1979 Mholanzi Anner Bylsma aliinasa Mifululizo yote sita kwa njia hiyo. Mfululizo wa Sita ulitungwa kwa chombo chenye nyuzi tano, si nne, na mpigaji akitumia chombo cha namna hiyo, mahali palipokuwa pa kuhangaika huwa pepesi. Katika mikono ya wapigaji hao ngoma zikawa ngoma tena. Miguu ya msikilizaji hutaka kuinuka.

Wengine walidhani basi kwamba ukweli umepatikana na kwamba Casals amepitwa na wakati. Sivyo. Karatasi aliyoiandika Bach kwa mkono wake imepotea. Nakala mashuhuri iliyosalia iliandikwa na mke wake, Anna Magdalena, na alama zake za kuunganisha nota mahali pengi hazieleweki wazi. Hivyo Casals na Bylsma ni mashahidi wawili wa jambo ambalo wote wawili hawakuliona. Mmoja alikuja mapema, mwingine akaja na uchunguzi zaidi. Hakimu mwenye busara hawatupi nje mashahidi kwa sababu wamehitilafiana; huwauliza wamehitilafiana wapi.

Swali la tatu: rekodi hii ilijengwaje?

Vijana wengi hudhani kwamba rekodi ni sauti ya mtu aliyeketi, akapiga tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akaondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani, kwa kila upande wa santuri. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili utepe wa kunasia ukaenea, na utepe waweza kukatwa kwa wembe na kuunganishwa. Mpigaji akikosea katika dakika ya tatu, hurudia dakika ile tu, na fundi akaitia mahali pake.

Glenn Gould wa Kanada aliipenda njia hii kuliko wote. Mwezi wa Juni 1955, akiwa na miaka 22, alinasa kwa piano mjini New York kazi ya Bach iitwayo Goldberg Variations. Katika kazi hiyo husikika kwanza wimbo mmoja, kisha mageuzi 30 juu ya msingi wake, na mwisho wimbo ule hurudi. Rekodi ile ilimfanya mashuhuri. Mwaka 1964 aliacha kabisa kupiga mbele ya watu, akabaki na studio tu. Mwaka 1981 akarudi katika studio ile ile, akainasa kazi ile ile mara ya pili. Rekodi ya kwanza ina dakika 38 na kidogo, ya pili dakika 51. Alikufa mwezi wa Oktoba 1982, siku chache baada ya kutimiza miaka 50.

Mtu mwepesi wa kusema atakuambia: tazama, kijana alikimbia na mzee akatembea. Kuna ukweli katika neno hilo, maana wimbo wa mwanzo katika rekodi ya pili huenda polepole sana. Lakini tarakimu nazo hudanganya zisipoulizwa. Katika rekodi ya kwanza Gould hakurudia sehemu ambazo Bach aliagiza zirudiwe. Katika ya pili alirudia baadhi yake. Basi sehemu ya zile dakika 13 si upole wa mwendo, ni marudio tu. Mwaka 2017 zilitolewa rekodi zote za siku zile za Juni 1955, pamoja na zilizokataliwa, na yeyote aweza kusikia kwamba ule wepesi wa ujana ulichaguliwa na kurudiwa mara kwa mara. Sisemi kwamba huo ni udanganyifu. Kitabu nacho hufutwa na kuandikwa upya. Lakini mhakiki ajue anachokisifu: je, ni usiku mmoja wa bahati, au ni kazi ya siku kadhaa na wembe?

Swali la nne ni zito kuliko yote: je, huyu tuambiwaye ndiye kweli?

Huko Uingereza aliishi mpiga piano aitwaye Joyce Hatto. Aliacha kupiga mbele ya watu katika miaka ya 1970, naye aliugua saratani. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake zilitolewa sahani zaidi ya 100 zenye jina lake, zikiuzwa na kampuni ndogo ya mume wake, William Barrington-Coupe. Ndani yake mlikuwa na karibu kila kazi ngumu iliyotungwa kwa piano. Wahakiki wakastaajabu. Mwanamke mgonjwa, mzee, aliyesahauliwa, na bado anapiga hivi! Habari ile iliwagusa, nao wakaandika kwa mioyo iliyojaa. Alikufa mwaka 2006.

Mwezi wa Februari 2007 msikilizaji mmoja alitia katika kompyuta sahani ya Hatto yenye mazoezi magumu ya Franz Liszt. Programu ya kompyuta, ambayo huitambua sahani kwa kupima urefu wa kila sehemu, haikutaja jina la Hatto. Ilimtaja mpiga piano mwingine, László Simon. Wataalamu wakazilinganisha sauti zenyewe na kuona kwamba ni zile zile. Wakafungua sahani nyingine, na nyingine. Nyingi zilikuwa zimechukuliwa kutoka rekodi za watu wengine, baadhi zikiwa zimebadilishwa mwendo ili zisitambulike. Kiongozi wa okestra aliyeandikwa juu ya sahani hizo hakuwahi kuwapo duniani. Mwishowe mume yule alikiri.

Soma sasa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha insha hii yote. Mmoja wa wahakiki alikuwa amewahi kuandika juu ya rekodi fulani ilipotolewa kwa jina la mwenyewe halisi, naye akaiona ni ya wastani. Rekodi ile ile iliporudi na jina la Hatto, akaisifu sana. Masikio yalikuwa yale yale, na muziki ule ule. Kilichobadilika ni jina, na hadithi iliyofungwa katika jina.

Waliodhulumiwa katika jambo hilo hawakuwa wanunuzi tu. Walikuwa wapiga piano walio hai, waliofanya kazi kwa miaka mingi, ambao sifa zao walipewa wengine. Ndiyo sababu nasema kwamba uhakiki si mchezo wa watu wenye nafasi. Ni kugawa haki ya mtu.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka msichana wa nyuma, nikaona aibu. Nikamwomba mwalimu mwenzangu anichezee rekodi tano za utangulizi ule bila kuniambia majina. Ile ya Casals niliitambua kwa mkwaruzo wake, basi haikuhesabiwa. Katika zile nne zilizobaki niliidharau moja, nikasema kwamba mpigaji hana la kusema. Mwenzangu akacheka. Ilikuwa ni ile niliyokuwa nikiisifu darasani mwaka mzima.

Wala usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alisafiri na wenzake mpaka Bombay, wakanasa nyimbo za taarab kwa kampuni ya Waingereza iliyotoa pia santuri za Caruso na za Casals. Mpaka wa nafasi ulikuwa ule ule. Upande mmoja wa santuri ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi, lakini mwimbaji wa taarab barazani huendelea kwa kadiri wasikilizaji watakavyo. Anayezisikiliza santuri zile na kusema kwamba nyimbo za Siti zilikuwa fupi, amepima sahani wala hakupima wimbo. Hivyo maswali haya manne yatakufaa hata utakapoikuta santuri ya babu yako ndani ya sanduku.

Sasa namjibu msichana yule. Hapana, mwanangu, sina hakika kwamba ningaliisifu rekodi ile kama nisingalijua jina. Lakini najua nifanye nini ili niwe na hakika. Husikiliza kwanza bila kutazama jalada, nikaandika ninachokisikia, mahali kwa mahali. Kisha hutazama: ni nani, lini, wapi, kwa chombo gani, na nani aliyeisafisha. Kisha husikiliza tena, na mahali nilipokosea nakata kwa mstari mmoja, bila kufuta, ili kosa langu lisomeke.

Nimekwisha kufanya hivyo na rekodi ya Casals ya mwaka 1938, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Bado naona kwamba katika utangulizi ule chelo huongea. Safari hii naweza kukuonyesha ni katika nota zipi. Nawe ukisikiliza na kuona kwamba nimekosea, niandikie, ukitaja mahali penyewe.